Mama Mkwe Msingini

Fundi Valentino ndiye aliyemwona kwanza. Alikuwa ametangulia na ndoo ya saruji begani. Alipofika kwenye mtaro wa msingi alisimama ghafla, akageuka na kumtazama tajiri wake kama mtu aliyekuta nyoka chooni.

"Kuna nini?" Hyasinti aliuliza kutoka nyuma, akisukuma toroli la mawe.

"Kuna mkweo."

"Wapi?"

"Ndani ya msingi."

Hyasinti aliliachia toroli likalala ubavu, akageuka upesi na kuupa mtaro mgongo. Msomaji, usicheke. Kwa watu wa ziwani wa mtindo wa kale, mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hasemi naye, haingii nyumbani kwake, na wakikutana njiani mmoja lazima aingie porini. Vijana wa siku hizi wanapiga picha na mama wakwe zao na kuziweka kwenye simu. Bibi Kalista hakuwa mama mkwe wa siku hizi. Na Hyasinti, pamoja na ubishi wake wote, alikuwa ameishika desturi hiyo tangu alipomwoa Yuliana. Basi mwanamume mzima, baba wa watoto watatu, akabaki amesimama kwenye kiwanja chake mwenyewe akilitazama ziwa, huku nyuma yake mama mkwe ameketi pale ambapo pangekuwa sebule, miguu ameinyoosha, ungo mapajani, akichambua usipa, dagaa wa ziwa letu, bila haraka yoyote.

"Valentino," Hyasinti alisema, "mwambie mama tunamsalimu sana, lakini leo tunajenga."

"Mama, anasema..."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie mume wa Yuliana kwamba hapa ndipo mto Kihulu ulipopita nilipokuwa msichana. Niliuona kwa macho yangu. Asijenge mpaka wapimaji wa mafuriko waje."

"Mwambie hao wapimaji hawajulikani watakuja lini. Mvua inajulikana."

"Mwambie basi hata mimi haijulikani nitaondoka lini."

Valentino alitazama huku, akatazama kule. "Tajiri, saruji inakauka."

"Mtoe."

"Mimi? Mimi ni fundi wa nyumba, siyo fundi wa wakwe."

Nani angemshika mkono Bibi Kalista na kumwinua? Vibarua wawili walikuwa watoto wa ukoo wake, na Hyasinti mwenyewe asingeweza kumsogelea hata kwa fimbo ya hatua tano. Jua lilipanda. Usipa ukaisha kuchambuliwa, bibi akautandaza kwenye ukingo wa mtaro ukauke, akaanza kuimba wimbo wa kanisani. Saruji ikageuka jiwe ndani ya ndoo. Saa sita Hyasinti alikusanya vifaa vyake akaondoka, na njia nzima hakumjibu mtu salamu.

*

Alikuwa na sababu ya haraka. Masika yaliyopita mto uliichukua nyumba yake na kila kilichokuwamo, na tangu hapo yeye, mkewe na watoto walikuwa wakikaa uani kwa huyo huyo Bibi Kalista, mwendo mfupi kutoka ufukweni. Yuliana na watoto walilala ndani. Hyasinti, kwa kuwa hawezi kulala chini ya paa la mkwe, alilala kwenye banda la nyavu, kati ya makasia na mbuzi. Chakula aliletewa huko kwa sahani iliyofunikwa. Akitaka kwenda chooni alimtuma kwanza mtoto akaangalie kama bibi yuko uani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini huyu hata jembe lenyewe hakuweza kupewa, maana nani angemkabidhi?

Mwaloni, kule mitumbwi inakofikia, kulikuwa kubaya zaidi. Kila alipoburuta mtumbwi, wavuvi wenzake walimuuliza ameolewa lini, na mahari yake ilikuwa mbuzi wangapi. Alicheka nao, kwa sababu ukinuna mwaloni umekwisha, lakini usiku, kando ya mbuzi, alijijengea nyumba kichwani. Nyumba ya matofali ya kuchoma, bati, na sebule. Hiyo sebule ndiyo aliyoipenda kuliko vyote. Alikuwa ameshaagiza makochi kwa seremala wa Liuli, makochi ya kitambaa chekundu, ili siku moja wale waliomuuliza habari za mahari waje wayakalie na kunywa chai yake.

*

Mkutano wa kijiji ulifanyika Jumapili baada ya ibada, kwenye banda la mnada wa samaki, ambalo harufu yake haitoki hata ukilisugua kwa sabuni. Wanawake walikaa upande huu, wanaume upande ule, na Hyasinti nyuma ya nguzo. Mwenyekiti Pankras, mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu, alieleza jambo lenyewe.

"Halmashauri imepata fedha za kuchora upya ramani ya mafuriko ya mto wetu, kuanzia huko milimani Kingerikiti unakotokea mpaka hapa unakoingia ziwani. Lakini fedha hazitoshi. Kila kijiji kinatakiwa kuchangia chakula cha wapimaji, malazi, na vibarua wa kufyeka. Sisi tuna akiba ya ushuru wa mwalo. Tukikubali, wanakuja mwezi huu. Tukikataa, wanakwenda kwingine."

"Akiba ile si ya daraja la miguu?" mama mmoja aliuliza.

"Ndiyo hiyo hiyo."

Banda likavuma. Hyasinti alinyoosha mkono, akasimama kabla hajaruhusiwa.

"Mwenyekiti, mimi mafuriko sikusimuliwa, yalinikuta kitandani. Nyumba yangu ilikwenda na kabati na jogoo. Leo naambiwa fedha ya daraja ikanunue karatasi! Ramani inaliwa? Ramani inazuia mvua? Tena eti wakati wanapima mtu asijenge. Sasa sisi tusio na nyumba tukalale juu ya ramani?"

Alipigiwa makofi, na makofi hayo yalimburudisha moyo. Pankras alingoja yatulie.

"Ramani iliyopo ofisini ilichorwa kabla mimi sijazaliwa," alisema. "Kwa ramani hiyo, mto unapita pale kanisa lilipo. Maana yake leo Padri ametuhubiria akiwa majini." Watu wakacheka. "Kwa ramani hiyo hiyo, Hyasinti aligawiwa kiwanja chake cha kwanza, tukamwambia ni nchi kavu. Nani anataka kugawiwa kingine kwa ramani hiyo?"

Hapo kicheko kilikatika. Ndipo Bibi Kalista aliposimama, polepole kwa sababu ya magoti yake.

"Mimi sina mengi. Kuna mtu hapa, simtaji kwa kuwa sisemi naye. Amechoka kulala kwangu, na mimi nimechoka kumlaza. Lakini heri alale bandani kwangu na wajukuu zangu wazima, kuliko kulala kwenye sebule iliyojengwa ndani ya mto. Daraja hata mimi nalitaka, kuvuka kwenye mawe kunaniua magoti. Ila daraja tutaliweka wapi, nasi hatujui mto utapita wapi mwakani?"

Mikono iliyokubali ilikuwa mingi kuliko iliyokataa. Hyasinti alitoka nje bila kuaga.

"Mama yako amenivua nguo mbele ya watu," alimwambia Yuliana jioni ile, alipomletea sahani.

"Hakukutaja jina."

"Kuna mtu mwingine anayelala bandani kwake?"

Yuliana alitaka kucheka, akajizuia. Miaka yote ya ndoa yake alikuwa amesimama kati ya watu hawa wawili akipeleka neno huku na kurudisha neno kule, akilipunguza makali njiani kila alipoweza, na kazi hiyo ilikuwa imemchosha kuliko jembe. "Kula, muhogo usipoe," alisema.

*

Wapimaji walikuja wanne, wakiongozwa na bwana mmoja mwembamba aitwaye Masoudi, mzaliwa wa Songea ambaye wazee wake walitoka Kilwa na biashara ya nguo. Walikuja na kindege kisicho na rubani, kikawa kinanguruma juu ya mihogo huku watoto wakikikimbilia. Pankras akamteua Hyasinti awe mwenyeji wao bondeni.

"Kwa nini mimi? Si nilipinga?"

"Ndiyo sababu. Ukiwa na wapimaji, angalau najua huchimbi msingi."

Basi Hyasinti akawa mtu wa kushika ubao wenye namba, mrefu kuliko yeye, akiusimamisha wima kwenye jua huku Masoudi akichungulia kwenye chombo chake kutoka mbali na kupunga mkono: kushoto, kulia, tulia. Mwanzoni alishika kwa kinyongo. Kisha akaanza kuona ajabu. Mahali alipopaona ni tambarare tangu utoto, chombo kilisema kuna mteremko, na shimo alilolidhani ni kina kirefu lilikuwa juu kuliko uwanja wa mpira. Wakati mwingine alijikuta akiuliza maswali mengi mpaka Masoudi akamwomba anyamaze kidogo ahesabu.

Walizunguka nyumba kwa nyumba wakiuliza wazee maji yaliwahi kufika wapi. Kwenye ua wa Bibi Kalista, Hyasinti alisimama nje ya uzio wa mabua.

"Ingia, bwana," Masoudi alisema.

"Mimi hapa naishia."

"Kuna mbwa mkali?"

"Kuna mkwe."

Masoudi alicheka. "Kwetu mkwe tunamheshimu, lakini hatumkimbii." Akaingia peke yake. Alikaa humo muda mrefu, na alipotoka alikuwa amekunywa togwa na kupewa usipa kwenye jani la mgomba.

Kituo chao cha mwisho kilikuwa kwenye barabara mpya. Tuta lake lilikuwa limekamilika kiangazi hicho hicho, baada ya mafuriko yale, na watu walilifurahia kwa sababu sasa magari ya Liuli yalipita bila kuzama kwenye tope. Masoudi alishuka chini ya tuta, akachungulia kwenye kalvati, bomba la kupitisha maji chini ya barabara, akapanda juu, akatazama bonde, akashuka tena. Aliomba tu ubao usimamishwe pale mara nyingi kuliko mahali pengine popote, hadi mikono ya Hyasinti ikafa ganzi.

*

Ramani ilibandikwa kwenye banda la mnada wiki chache kabla ya mvua za kwanza. Ilikuwa kubwa kama shuka, na sehemu zinazotazamiwa kufikiwa na maji zilipakwa rangi ya bluu. Watu walisukumana kutafuta nyumba zao. Masoudi alikuja mwenyewe kuisoma kwa sauti, kijiti mkononi.

"Kiwanja cha Bwana Hyasinti," alisema, "ni hiki. Kiko nje ya bluu. Jicho halioni, lakini pale ni mwinuko. Anaweza kujenga."

Hyasinti aliruka. Nasema aliruka, mtu mzima, akapiga kofi hewani. "Valentino! Kesho saruji! Na mwambieni aliyekaa kwenye msingi wangu kwamba nilimzidi kwa kuona!" Wavuvi walimpiga mgongoni. Miezi yote ya banda la nyavu ilimtoka kifuani kwa mkupuo mmoja, akacheka mpaka machozi.

Kijiti cha Masoudi kilikuwa bado kinatembea. Kilishuka taratibu kando ya barabara, kikaingia kwenye bluu nzito, kikasimama.

"Hapa ni kwa Bibi Kalista. Bibi, ulinieleza kweli, ila ni kweli ya zamani. Mto ulipita ulikosema. Lakini sasa kuna tuta. Maji yakija kwa wingi kalvati lile halitayatosha, yatapiga tuta na kugeuka. Yakigeuka, njia yake inapita jikoni kwako."

Bibi Kalista alisogea karibu na karatasi. Hakujua kusoma ramani, lakini bluu ni bluu.

"Kwa hiyo aliyejenga mtoni ni mimi," alisema.

Hakuna aliyecheka. Hyasinti peke yake alikuwa bado na meno nje, kwa kuwa kicheko kikubwa hakizimiki mara moja. Yuliana alimkaribia.

"Cheka," alimwambia kwa sauti ya chini. "Maliza kabisa kucheka. Ukishamaliza uniambie mama yangu atalala wapi masika haya."

Hyasinti aliona aibu. Haikuwa ile aibu ya mwaloni ya kutaniwa na wenzake, ambayo mtu akioga inatoka. Hii haikutoka kwa maji. Bibi Kalista alikuwa amemlisha tangu siku maji yalipomtoa kwake, na hata siku alipokaa msingini hakuwa na nia nyingine ila wajukuu zake wasife.

*

Cuthbert, kaka yake Yuliana, fundi cherehani mjini Mbinga, alipiga simu siku ile ile. "Mama, njoo ukae kwangu."

"Mbinga?" Bibi Kalista alipaza sauti kana kwamba simu ni bomba. "Baridi ya Mbinga inaingia kwenye meno. Na mkeo anapika samaki kama anayemwadhibu."

"Basi nenda kwa Yuliana, nyumba yao iko juu."

"Kwa mkwe! Nilale ukuta mmoja na mume wa mwanangu? Nikikohoa asikie? Na baba yako hapa nyuma ya nyumba nimwachie nani, mbuzi?" Maana kaburi la mumewe lilikuwa pale pale uani, chini ya msalaba wa simenti. Akakata simu, na kwa kuwa hakujua vizuri kuikata, Cuthbert aliendelea kusikia akilalamika kwa muda.

Yuliana aliyapeleka maneno hayo kwa mumewe bila kuyapunguza makali. Hyasinti alimsikiliza, akachukua kijiti, akaenda kwenye kiwanja. Valentino alimkuta ameinama, akichora mstari katikati ya sebule.

"Hapa weka ukuta mzima," alisema. "Usiwe na mlango wala dirisha. Upande huu kiwe chumba cha mama, mlango wake uelekee ziwani. Wetu uelekee barabarani. Na jiko lake, na choo chake, ili asilazimike kukutana na mimi hata akitaka."

Valentino alitazama rundo la matofali, akatikisa kichwa. "Hayatoshi, tajiri. Chumba cha mama na jiko na sebule, hayatoshi."

"Sebule ifute."

"Makochi je? Si seremala ameshaanza kazi?"

"Atatafuta mteja mwingine."

Alisema hivyo kama mtu anayeacha soda, lakini iliuma, tusidanganyane. Usiku huo bandani hakujijengea nyumba yoyote kichwani. Alilala tu, akisikiliza mbuzi wakicheua.

Nyumba iliisha, wakahamia kabla ya Krismasi. Chumba cha upande wa ziwa kilisakafiwa vizuri, Yuliana akatandika kitanda, akaweka mtungi mpya. Akateremka kumwambia mama yake.

"Mwambie asante sana," Bibi Kalista alisema. "Kizuri. Nimekiona kwa mbali. Nitahamia nikifa."

*

Mwezi wa tatu mvua ilikwama juu ya milima ya Kingerikiti. Kijijini yalikuwa manyunyu tu, wanawake walianika usipa na kuanua, wakaanika tena. Lakini mto ulibadilika rangi, ukawa kama chai ya maziwa, ukaanza kuleta migomba mizima. Tangu ramani ilipobandikwa kijiji kilikuwa na makubaliano: kwenye kalvati pamechorwa alama nyekundu, na maji yakiigusa, kengele ya kanisa inapigwa, na kila aliye kwenye bluu anapanda juu bila kuuliza swali.

Ilipigwa mchana, watu wakiwa kwenye ugali. Wakapanda. Walipanda na magodoro kichwani, na vyerehani, na masufuria yenye ugali wenyewe ndani, na mzee mmoja akapanda na mlango wake aliokuwa ameung'oa bawabani. Pankras alisimama kwenye mwinuko akiita majina ya wenye nyumba mmoja mmoja, na kila jina likaitikiwa, mpaka alipofika kwa Bibi Kalista.

Aliita tena, bure.

Yuliana alikuwa ameenda soko la Liuli. Hyasinti alizungusha macho kwenye umati akitafuta mwanamke wa kumtuma, kwa mazoea tu, kisha akaelewa kuwa anapoteza muda, akakimbia kuteremka.

Maji yalikuwa yameshaingia kwenye mihogo, yakimfika vifundoni. Kwenye uzio wa mabua miguu yake ilisimama yenyewe. Miaka yote ilikuwa imesimama hapo. Alijikuta anakohoa, kama mtu anayebisha hodi. Kisha akaingia.

Bibi Kalista alikuwa ameketi kwenye kigoda, kichwa wazi, akifunga kuku miguu kwa kamba ya mgomba. Alipomwona mkwewe mlangoni alichukua kitenge akajifunika uso mzima.

"Nani huyo?"

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Hyasinti, mama. Maji yanakuja."

"Toka! Unaingiaje kwangu? Toka kabisa! Mwite Yuliana!"

"Yuliana yuko Liuli. Tuondoke."

"Siendi kokote na mkwe. Mzee yuko hapa, na mimi niko hapa."

Maji yalipita chini ya mlango, yakaulowesha mkeka. Hyasinti hakuwa mtu wa kubembeleza, tena hakujua mtu anambembelezaje mama mkwe, maana hakuwahi kusikia ikifanyika. Akasema jambo la kwanza lililomjia.

"Mama, usiposimama nitakubeba."

"Hutanigusa!"

"Nitakubeba mgongoni kama mtoto, nipande na wewe mpaka pale juu. Kijiji kizima kimesimama pale. Kitaona."

Hyasinti akapiga hatua moja mbele, akainama, akageuza mgongo.

Ee bwana! Bibi Kalista aliinuka. Yale magoti yaliyomsumbua kwenye mikutano na kwenye mawe ya mtoni yakakunjuka mara moja. Alikwapua kuku wake, akampita mkwewe kwa mbali kadiri chumba kilivyoruhusu, akatoka, akashika njia. Hyasinti alimfuata nyuma, kichwa ameinamisha, akitazama visigino vyake tu ili asije akaanguka. Kila visigino vilipopunguza mwendo alikohoa, navyo vikaongeza.

Walikuwa wamefika tu juu, hata pumzi hawajaishusha, sauti ikaja kutoka bondeni. Maji yalipiga tuta. Yalisimama hapo, yakazunguka na mapovu, kisha yakageuka, yakaifuata ile bluu ya kwenye karatasi bila kukosea. Jiko la Bibi Kalista lilikwenda kwanza. Halafu banda la nyavu. Nyumba yenyewe ilikaa kidogo, ikapiga magoti, ikazama. Mwishoni ulibaki msalaba wa simenti, kisha nao haukuonekana.

Bibi Kalista alifunua uso. "Alikuwa mvuvi," alisema. "Ataelewa."

Pankras aliita majina yote upya. Safari hii hapakuwa na pengo. Aliita mara ya tatu, kwa sababu hakuamini, na mara ya tatu watu walianza kucheka kabla hajamaliza, wengine wakilia. Masika yaliyopita walikuwa wamezika watu. Leo nyumba saba zimekwenda, na hapakuwa na hata mtoto aliyepotea. Wanaume walikumbatiana kwenye mvua. Aliyeipinga ramani kwa sauti kubwa kuliko wote alikaa chini kwenye majani, moyo mwepesi kama wa mtu aliyepona malaria.

"Mwenyekiti," Bibi Kalista alisema kwa nguvu, "nina mashtaka. Mtu huyu ameingia nyumbani kwangu bila ruhusa, nikiwa kichwa wazi."

"Mama, amekuokoa."

"Kuokoa ni kuokoa, na faini ni faini."

Wazee walitazamana. Ilikuwa kweli, faini ilikuwapo: kuku na kitenge. Na ilikuwa kweli vilevile, jambo ambalo Bibi Kalista alilijua kuliko wote, kwamba mkwe akishalipa faini hiyo, haya kati yao imevunjika, na haiungwi tena. Wanaweza kusalimiana kama watu.

"Nalipa," Hyasinti alisema kabla hawajamaliza kunong'ona.

*

Yuliana aliona kutoka barabarani. Alishuka kwenye gari la Liuli pale tutani, akatazama kulipokuwa kwao, akaona maji. Hakuuliza mtu. Alipanda mwinuko mbio, furushi la soko kichwani, khanga ikiburuzika, akiwa tayari ameshampoteza mama yake.

Kwenye mlango wa upande wa ziwa alisikia sauti. Mama yake alikuwa kwenye kigoda, kavu, amevaa kitenge kipya chenye lebo bado. Hyasinti alikuwa amechuchumaa kwenye kizingiti, karibu kabisa, na kati yao palikuwa na kuku waliofungwa miguu.

"Shemeji zako walifuga kuku jikoni, na hakuna aliyekufa," mama yake alikuwa akisema.

"Mama, jiko lenyewe jipya."

"Jipya, lakini la nani?"

"La kwako."

"Basi, mwanangu, kuku wanalala jikoni."

Walimwona. Hyasinti akafungua mdomo. "Mwambie mama yako..." alianza kwa mazoea, akakumbuka, akaacha, akamgeukia mkwewe mwenyewe, ubishi ukaendelea. Yuliana alikaa chini kwenye tope na furushi lake, akawasikiliza, akalia kwa furaha kwa sauti, na hakuna aliyemtuma neno.